Aliyetazamwa na Wengi

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Mwanzo 16:6–13 na Mathayo 10:29–31)

 

Asubuhi ya leo nitawasimulia habari za mama mmoja ambaye hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mwimbaji na mchezaji wa sinema, jina lake Ethel Waters. Mwaka 1951 kilitoka kitabu cha maisha yake, His Eye Is on the Sparrow, maana yake jicho la Mungu humwangalia shomoro. Jina hilo alilitoa katika wimbo wa dini uliotungwa mwaka 1905. Sasa angalieni jambo hili: mama huyu aliyaweka maneno ya imani juu ya jalada la kitabu chake miaka sita kabla moyo wake haujatulia ndani ya maneno hayo. Hilo ndilo ninalotaka tulifikirie.

Ethel alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Chester, jimbo la Pennsylvania. Mama yake alikuwa msichana mdogo aliyeshikwa kwa nguvu na mwanamume, na mtoto huyo hakuzaliwa kwa furaha ya mtu. Aliyemlea ni nyanyake, ambaye alikuwa mtumishi katika nyumba za watu. Nyanya alipokuwa kazini, mtoto alizunguka mitaani. Alijua njaa, na aliiba ili ale. Katika kitabu chake hafichi kwamba alikua bila kubembelezwa na mtu. Watawa wa shule ya Kikatoliki walimtendea wema ambao hakuusahau. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi aliitikia mwito wa Kristo katika mkutano wa watoto kanisani. Lakini alipofika miaka 13 alikuwa ameolewa tayari, na ndoa hiyo haikudumu. Akaenda kufanya kazi ya usafi hotelini, Philadelphia, kwa dola 4.75 kwa juma.

Wapendwa, mtoto asiyetazamwa na mtu nyumbani hutamani sana kutazamwa. Ethel alikuwa na sauti, na sauti ile ikamtoa hotelini ikampandisha jukwaani. Mwaka 1933 aliimba wimbo wa "Stormy Weather" katika Cotton Club, New York, mahali ambapo waimbaji walikuwa Weusi na waliokaa mezani walikuwa Wazungu. Mwaka 1939 aliongoza mchezo wa Mamba's Daughters katika Broadway, mtaa maarufu wa majumba ya michezo huko New York. Ni wanawake Weusi wachache sana waliokuwa wamepewa nafasi kama hiyo hapo kabla katika mchezo wa huzuni wa Broadway. Baadaye alicheza sinema ya Cabin in the Sky mwaka 1943, kisha Pinky mwaka 1949. Kwa Pinky alipendekezwa kupewa tuzo ya Oscar, naye alikuwa Mmarekani Mweusi wa pili kupata heshima hiyo.

Basi alitazamwa na maelfu. Je, aliona amani? La. Ndoa zake zilivunjika. Kati ya mchezo mmoja na mwingine zilipita siku nyingi bila kazi. Fedha zilikuja kwa wingi zikaenda kwa wingi, na serikali ikamdai kodi kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1957 mama huyu, aliyekuwa amepigiwa makofi na matajiri, aliingia katika shindano la maswali la televisheni ili apate fedha za kulipa deni lake. Mwili wake ulikuwa mzito, afya imepungua, na wale waliomshangilia walikuwa wamegeuka kuwatazama wengine. Ndivyo macho ya watu yalivyo. Leo yako kwako, kesho yako kwa jirani.

Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, mhubiri Billy Graham alianza mikutano katika uwanja wa Madison Square Garden, New York. Ndiye yule ambaye wazee wetu walimsikia hapa Kenya mwaka 1960. Ethel alienda usiku mmoja akaketi miongoni mwa watu. Akarudi tena, na tena. Alipotambuliwa aliombwa aimbe, naye akauimba ule wimbo wa shomoro. Hakuomba kiti cha mbele. Aliingia katika kwaya, mtu mmoja kati ya mamia na mamia, akaimba nao usiku baada ya usiku. Huko ndiko alikoyatoa maisha yake upya kwa Bwana aliyemjua tangu utotoni.

Ndugu zangu, hapa nami ninahukumiwa. Nilipokuwa chuo cha theolojia nilitumwa kanisa moja la kijijini kuhubiri juu ya shomoro. Nilihubiri kwa sauti kubwa, na akina mama wakaitikia "Amina." Usiku ule sikupata usingizi kwa hofu ya karo ya wadogo zangu. Maneno yalikuwa kinywani mwangu, lakini moyo wangu ulikuwa haujayaamini. Yawezekana kuimba wimbo miaka mingi, hata kuuongoza katika kwaya, kabla hujaketi chini na kuusikia.

Sasa fungueni Mwanzo 16. Katika ule mchezo wa mwaka 1939 Ethel alicheza mwanamke aitwaye Hagar, ndiye Hajiri, na alisema kwamba katika mwanamke yule alimwona mama yake mwenyewe. Hajiri wa Biblia alikuwa mtumishi aliyeteswa na kukimbilia jangwani akiwa na mimba. Hakuna aliyemfuata, ila Mungu. Akampa Mungu jina: ndiye Mungu anionaye. Angalieni, si tajiri wala mfalme aliyempa Mungu jina hilo. Ni kijakazi. Naye Bwana Yesu alipotaka kutuonyesha upana wa macho ya Baba, hakutaja tai. Alitaja ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, akasema hata mmoja wao akianguka, Baba anajua.

Msidhani kwamba baada ya kumrudia Mungu Ethel alirudishiwa mali. Hakurudishiwa. Wala hakuikimbia kazi yake, kwa maana mwaka 1959 alionekana tena katika sinema. Lakini kwa miaka mingi aliimba katika mikutano ya injili, na mwaka 1972 aliandika kitabu cha pili kuisimulia safari hiyo. Alifariki tarehe 1 Septemba 1977 huko California, akiwa na umri wa miaka 80. Kilichobadilika ni kwamba hakuhitaji tena kupigiwa makofi ndipo ajione kuwa mtu.

Msikilizaji wangu, labda wewe ni msichana wa kazi, umeamka mapema kuliko wote na hakuna aliyekusalimu. Labda ni mzee uliyestaafu, na wale waliokuita "Bwana Mkubwa" hawapiti tena kwako. Labda ulizaliwa katika aibu ambayo haikuwa yako. Baba anakuona. Na wewe uliyeshiba, wakumbuke wale watawa. Mara nyingi mtoto hulijua jicho la Mungu kwanza katika jicho la mtu aliyemhurumia.

Tuombe. Ee Baba, uliyemwona Hajiri jangwani, tuone na sisi leo. Tuondolee njaa ya kusifiwa na watu. Yale tunayoyaimba kwa midomo yashushe mioyoni mwetu, na utupe macho ya kuwaona wasioonwa na mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.