Kiseyeye, Ukoga na Ugaga: Istilahi za Afya ya Fizi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vijitabu vya afya ni yale yahusuyo fizi. Maneno tunayo, ila mipaka yake haijawekwa wazi, na anayedhurika ni msomaji.

Tuanze na kiseyeye. Watu wengi hulitaja neno hili kila fizi zinapotoka damu. Lakini kwa maana yake ya kitabibu, kiseyeye ni maradhi yaletwayo na upungufu wa vitamini C. Maradhi hayo yaliwaangamiza mabaharia wengi, na mwaka 1747 daktari James Lind alionyesha kuwa machungwa na malimau huyaponya. Kutoka damu fizini ni dalili yake mojawapo tu. Mara nyingi zaidi damu hiyo husababishwa na utando wa vijidudu unaojijenga juu ya meno yasiyosafishwa vema. Basi kijitabu kikiuita ugonjwa huu wa pili kiseyeye, msomaji atatafuta machungwa na kuusahau mswaki. Twapendekeza uitwe uvimbe wa fizi.

Utando wenyewe ni ukoga. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa mgumu. Huo ndio ugaga. Wako wanaoyatumia maneno haya mawili kwa maana moja. Twaona ni heri kuyatenganisha, kwa kuwa dawa yake si moja: ukoga husuguliwa na mwenye meno, ugaga hukwanguliwa na mganga wa meno.

Uvimbe wa fizi hupona. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Aarhus, Denmark, walieleza habari za watu 12 wenye fizi nzima walioacha kusafisha meno. Katika siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Usipotunzwa, uvimbe waweza kuendelea hadi kuula mfupa unaolishika jino. Mfupa ukishalika haurudi wenyewe, na jino hulegea. Hatua hii twapendekeza iitwe maradhi ya shikizo la jino, ili isichanganywe na ile inayoponyeka.

Vitenzi navyo vichaguliwe kwa uangalifu. Kusukutua hakuondoi ukoga; maagizo yaseme kusugua, mara mbili kwa siku, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Kuchokonoa ni kutoa mabaki ya chakula. Kusafisha katikati ya meno kwa uzi kuitwe kupitisha uzi. Tena iandikwe bayana kwamba aonaye damu asiache mswaki, bali asugue kwa upole, na damu isipokoma amwone mganga.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wa afya wayapime mapendekezo haya kazini mwao, na kutuletea maneno ya sehemu zao yaliyo bora kuliko haya.