Ombi si Deni: Kumwandikia Kadi Mtu Mwenye Kuchagua

Somo la Redio kwa Watu Wazima. Somo la 18.

Somo hili mlilisikia katika redio. Sasa mnalo mkononi. Lisomeni polepole, kwa sauti. Asiyefahamu neno na amwulize jirani yake.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuwaandikia barua jamaa zetu. Leo tunakwenda mbele. Tutamwandikia kadi mtu tusiyemjua, aliye nchi ya mbali. Tena tutazungumza habari za mtu wa namna ya pekee: yule mwenye kuchagua sana, ambaye kabla hujamwandikia amekwisha kukupa orodha ya mambo anayoyataka na asiyoyataka.

MANENO YA LEO

Kadi ya posta: karatasi ngumu yenye picha upande mmoja, upande wa pili huandikwa habari na anwani.
Mpokeaji: mtu anayeletewa kadi.
Ombi: neno la kutaka kitu kwa adabu, mwenye kuombwa aweza kutoa au kutotoa.
Amri: neno la kulazimisha.

KADI ILIANZAJE?

Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Ilikuwa karatasi tupu ya kuandikia maneno machache, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya barua. Picha zilikuja baadaye. Kumbuka jambo hili, maana litatusaidia mbele: kadi ni maneno kwanza, picha ni pambo lake.

Siku hizi wako watu wengi duniani wanaobadilishana kadi na wageni. Njia inayojulikana sana inaitwa Postcrossing. Ilianzishwa katika intaneti tarehe 14 Julai 2005 na kijana wa Ureno, Paulo Magalhães, aliyekuwa mwanafunzi. Mwenye simu ya intaneti aweza kujiandikisha bila malipo. Kazi yake ni hivi: unaomba anwani, nawe unapewa anwani ya mtu mmoja, pamoja na namba ya kadi. Humchagui mtu huyo, wala yeye hakukuchagua wewe. Kadi zinazotoka Tanzania namba yake huanza na herufi TZ. Zinazotoka Kenya, KE. Unaandika kadi, unatia namba, unapeleka posta. Mpokeaji akiipata, anaiandikisha namba hiyo katika intaneti. Ndipo anwani yako nawe hupewa mtu mwingine, naye anakutumia kadi. Hivyo anayekuletea si yule uliyempelekea. Ni kama kula kwa jirani huyu na kumpikia jirani yule.

KWA NINI WENGINE HUCHAGUA SANA?

Kila mwanachama huandika habari zake kidogo: kazi yake, mambo anayopenda, na picha zinazomfurahisha. Hapo ndipo utakapokuta orodha. Huyu anapenda treni. Huyu anapenda ramani. Huyu anakusanya picha za minara ya taa inayoongoza meli baharini. Huyu hataki kadi za matangazo. Mwingine asema kadi isitiwe katika bahasha, kwa sababu anataka kuona stempu na muhuri wa posta juu yake. Mwingine asema itiwe katika bahasha, kwa sababu anaogopa itachafuka njiani.

Usikasirike upesi. Wengi wao si watu wenye kiburi. Mtu aliyekwisha kupokea kadi mia tano amechoka kuona picha za namna moja. Naye apangaye kadi zake katika vitabu kwa mafungu, anatafuta ile inayokosekana. Jua pia kwamba kadi nyingi katika mchezo huu hutoka nchi kama Ujerumani na Marekani. Kadi ya kutoka Tanzania kwao ni kitu adimu. Kwa hiyo ile kadi ya jahazi unayoidharau dukani kwenu, yeye pengine hajaiona hata mara moja.

OMBI NA AMRI

Sasa tusome. Mifano hii mitatu tumeitunga kwa ajili ya somo, kwa Kiswahili. Katika mchezo wenyewe lugha itumikayo zaidi ni Kiingereza. Kama hukijui, mwombe mtu akusaidie, hata mtoto wako wa shule. Si aibu.

Mfano wa kwanza: "Napenda picha za treni. Ningefurahi kupata ramani. Lakini kadi yo yote itanifaa."

Mfano wa pili: "Usinitumie wanyama. Usinitumie kadi ya matangazo. Sitaki kadi iliyotengenezwa nyumbani. Lazima itiwe katika bahasha."

Mfano wa tatu: "Pamoja na kadi, nitilie stempu mpya, sarafu za nchi yako na majani ya chai."

Tazama maneno yenyewe. Katika mfano wa kwanza kuna "napenda" na "ningefurahi". Hayo ni maneno ya ombi. Katika mfano wa pili kuna "usinitumie", "sitaki" na "lazima". Hayo ni maneno ya amri. Mfano wa tatu ni amri pia, na tena unataka kitu kisichokuwa kadi.

Lakini shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu: katika mchezo huu, hata kama mpokeaji ameandika kwa maneno ya amri, sheria hulihesabu kuwa ni ombi tu. Kila mtu ana ruhusa ya kusema anachopenda. Hakuna mwenye ruhusa ya kudai. Anayechagua kadi ni yule anayeilipia.

Nasi tunajua gharama zake. Kuna bei ya kadi, kuna stempu, na kwa wengi wetu kuna nauli ya kwenda mjini posta. Mtu asiache kununua daftari la mwanawe ili amtafutie mgeni picha ya treni. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

MAMBO MANNE YALIYO WAJIBU WAKO

Usipokuwa na deni la picha, bado una wajibu wa mambo manne.

1. Nakili anwani kama ilivyo, herufi kwa herufi. Usiitafsiri. Jina la nchi liandike mwisho, kwa herufi kubwa.

2. Andika namba ya kadi waziwazi, mbali na mahali pa stempu, ili muhuri usiifunike. Wengine huiandika mara mbili. Bila namba, mpokeaji atapata taabu kuiandikisha kadi yako.

3. Andika maneno ya kweli, ingawa ni machache. Usipeleke kadi tupu.

4. Bandika stempu ya kutosha. Mwulize karani wa posta kabla ya kulipa.

Ukiyatimiza haya, umetimiza kazi yako. Hata mpokeaji akinuna, hana haki ya kukulaumu.

KAMA HUNA ANACHOTAKA

Tuseme umepewa yule mtu wa mfano wa pili, asiyetaka wanyama. Nawe unakaa Bagamoyo, na duka lina kadi za tembo tu. Utafanyaje?

Kwanza, soma orodha yote mpaka mwisho. Huenda kuna jambo dogo unaloliweza. Bahasha, kwa mfano, si kitu kigumu. Ukiweza, mfanyie. Kumpendeza mtu katika jambo jepesi ni uungwana, wala si utumwa.

Pili, eleza mara moja tu, kwa adabu. Usiombe radhi mara tatu kama mtu aliyeiba. Wala usimwandikie maneno makali. Kadi ya hasira inakula stempu sawa na kadi ya salamu.

Tatu, mpe kitu ambacho hakukiomba kwa kuwa hakijui: habari za kwenu. Mfano:

"Salamu kutoka Bagamoyo. Nimesoma kwamba hupendi picha za wanyama. Samahani, hapa nimepata tembo tu. Basi nakueleza habari za pwani yetu. Mafundi wetu huunda majahazi ya mbao ufukoni. Nyundo zao zasikika tangu asubuhi. Mimi nimejifunza kuandika nikiwa mtu mzima. Nakutakia afya njema."

Hesabu sentensi hizo. Ni chache, nazo zaenea katika kadi moja. Mtu akizisoma, huenda akamsahau tembo.

ANAPOTAKA ZAIDI YA KADI

Yule wa mfano wa tatu anataka stempu, sarafu na chai. Kwake jibu ni fupi: mpelekee kadi, basi. Sarafu kutiwa katika barua ya kawaida kumekatazwa na taratibu za posta za mataifa. Na anayeomba fedha au zawadi amevuka mpaka wa mchezo. Waweza kuwaarifu wasimamizi.

Ukiona maneno ya mtu yamekuchukiza kabisa, hulazimishwi kupeleka. Siku 60 zikipita, kadi hiyo huhesabiwa kuwa imechelewa, nawe unaweza kuomba anwani nyingine mahali pake. Ni hivyo hivyo kwa kadi iliyopotea njiani. Usikae na kinyongo.

NA WEWE USIWE MCHAGUZI

Zamu yako ya kupokea itakuja. Andika unachopenda, lakini tumia maneno ya ombi: "ningependa", "kama inawezekana", "tafadhali". Kadi ikifika, iandikishe siku hiyo hiyo na umshukuru aliyeileta, hata kama uliomba meli ukaletewa paka. Kutoiandikisha kwa sababu picha haikukupendeza ni kumdhulumu mwenzako, maana yeye naye anangoja zamu yake. Mchagua nazi hupata koroma.

MASWALI

1. Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa mwaka gani? Ilikuwa na picha?
2. Taja maneno mawili ya ombi na mawili ya amri.
3. Kwa nini namba ya kadi iandikwe mbali na stempu?
4. Geuza amri hii iwe ombi: "Usinitumie kadi ya matangazo."
5. Mpokeaji anataka picha ya treni. Wewe una picha ya mnazi. Andika sentensi tano utakazomwandikia.

Jibu la swali la tano lisomeni mbele ya darasa. Mwenzako akisema hakufahamu, andika tena mpaka afahamu. Maana asipofahamu jirani, yule wa mbali atafahamuje?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.