Damu Haionyeshi Wazimu

Wazazi wanaotuletea kijana aliyeanza kuongea peke yake hutuomba: "Sista, mpimeni damu tujue ugonjwa wake." Damu tunampima kweli, lakini tunatafuta malaria, kaswende, virusi vya UKIMWI na mengine yanayoweza kuvuruga akili. Skizofrenia yenyewe haina kipimo cha damu hadi leo.

Wataalamu wanakitafuta. Kuanzia mwaka 2018 watafiti walikusanya mate ya maelfu ya watu katika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini ili wachunguze vinasaba vyao. Lakini vinasaba huonyesha uwezekano tu: hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hapati.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kipimo cha mapema ni macho yenu nyumbani. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga, usiku halali, haogi, masomo yanamshinda, anadai majirani wanamsema au anasikia sauti zisizosikika na wengine. Bangi, ambayo kwetu Arumeru si ngeni, huongeza hatari, hasa kwa wanaoanza wakiwa wadogo.

Msimfunge kamba, wala msimalize mwaka kwa waganga. Ugonjwa ukikaa muda mrefu bila dawa, kupona huwa kugumu zaidi. Haloperidoli hutuliza sauti hizo kwa wengi, na anayesahau vidonge huweza kupewa sindano ya kila mwezi. Mkija hospitali, njoni na mtu anayejua mabadiliko yalianza lini, maana daktari atauliza hilo kwanza.