Rangi Haizai Sita

Mjini Kindu, ukivuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Kasuku hadi Alunguli, ng'ambo zote mbili utawakuta watu wameinamia ubao wa ludo, na ng'ambo zote mbili lalamiko ni lile lile: dadu hii ina mambo. Dadu zinazouzwa Kindu ni za plastiki ya bei ya chini, na rangi ya vitone vyake ndiyo kitu cha kwanza kuondoka. Viganja vinaisugua, jasho linaiosha, mpaka vinabaki vishimo vyeupe kwenye uso mweupe. Nyingine hutoka paketini zikiwa hivyo hivyo. Jioni, chini ya taa ya sola, tatu na tano zinafanana, na ugomvi haukawii. Hapo ndipo mmoja anapoleta chupa ya rangi ya kucha, mwingine kalamu, na wote waliobaki wanaleta maneno. Tuyapime hayo maneno.

"Ukiipaka dadu rangi, inakataa kutoa sita."

Uongo, ila uongo wenye mzizi. Kila kitone kwenye dadu ya kawaida ni kishimo, yaani plastiki iliyopungua. Uso wa sita una vishimo sita, na uso wa moja unaokabiliana nao una kimoja. Uso wa sita basi ni mwepesi kidogo, na uso mwepesi hupenda kubaki juu. Mwaka 1894 mtaalamu wa wanyama wa London, W. F. R. Weldon, aliandika matokeo ya dadu 12 zilizorushwa kwa pamoja mara 26,306. Katika matokeo 315,672, tano na sita zilitokea mara 106,602, ilhali dadu zisizopendelea zingetoa 105,224 hivi. Mwaka 1900 Karl Pearson alizitumia hesabu hizo alipotangaza kipimo cha takwimu cha kai-mraba, akaonyesha kwamba ziada hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati.

Sasa tazama rangi inafanya nini. Inarudisha uzito mahali plastiki ilipotolewa, na inaurudisha zaidi kwenye uso wa sita. Kwa hiyo mlalamikaji wetu ana haki kwa upande mmoja: dadu iliyopakwa imesogea kuelekea usawa, na upendeleo wa sita umepungua. Tatizo lake ni kipimo. Dadu ya milimita 16 ina gramu 4 hivi, na rangi iliyokauka kishimoni ni utando wa miligramu chache. Upendeleo wote aliouona Weldon ni tano au sita moja ya ziada kwa kila dadu 230 hivi zilizorushwa. Rangi inapunguza kipande tu cha upendeleo huo. Hakuna mchezaji wa Mikelenge wala wa kwingineko atakayeuhisi mkononi.

Halafu kuna kisa cha pili. Mwaka 2009 Zacariah Labby wa Chuo Kikuu cha Chicago alitengeneza mashine ya kurusha dadu 12 na kuzipiga picha, akarudia kazi ya Weldon kwa idadi ile ile ya mirusho. Safari hii zilizozidi zilikuwa moja na sita, nyuso mbili zinazokabiliana, jambo ambalo wepesi wa uso wa sita hauwezi kulieleza. Alipozipima dadu, akakuta umbali kati ya uso wa moja na uso wa sita ni mfupi kuliko pande nyingine kwa takriban asilimia 0.2. Umbo lilikuwa na nguvu kuliko vishimo. Anayetaka kuishtaki dadu basi alete kifaa cha kupimia unene, aiache chupa ya rangi.

Na kabla ya kuishtaki, ahesabu. Kurusha mara 10 bila kuona sita hata moja hutokea, kwa dadu iliyo safi kabisa, karibu mara 1 katika kila raundi 6 za namna hiyo. Anayekaa na kete zake nne nyumbani akiisubiri sita ataona kama amerogwa. Hajarogwa.

"Maji ya chumvi yanafichua dadu danganyifu."

Nusu kweli. Ukiyeyusha chumvi mpaka maji yasipokee tena, yapata gramu 350 kwa lita, dadu nyingi za plastiki zitaelea. Igonge kwa kidole izunguke, na ikirudisha uso ule ule juu kila mara, ndani yake kuna upande mzito, au kiputo cha hewa kilichobaki tangu kiwandani. Hadi hapo sawa. Lakini ndani ya maji dadu inazunguka taratibu bila chochote cha kuizuia, kwa hiyo hata tofauti ndogo sana inajionyesha. Juu ya ubao inagonga, inaruka, inabiringika, na tofauti hiyo hiyo inamezwa. Jaribio hili linamkamata tapeli aliyepachika risasi ndani ya dadu. Kuhusu dadu iliyopakwa rangi, halina la kusema.

"Rangi ya kucha ndiyo bora kuliko zote."

Hapa inategemea. Inashika, inang'aa, inapatikana sokoni kwa rangi zote. Lakini ndani yake kuna viyeyusho, na dadu nyingi za bei ndogo ni za polistirini, plastiki ngumu inayolia kama chuma chembamba ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji. Viyeyusho hivyo huilainisha polistirini. Tone dogo kishimoni linaweza kukauka kabla ya kudhuru, ila likimwagika usoni na ukalisugua, uso unabaki na ukungu usiofutika.

Balaa kubwa zaidi linakuja wakati wa kufuta. Asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, inaila polistirini waziwazi: kingo zinalegea, vishimo vinajaa ute, na dadu inapoteza umbo. Tumekwisha kuona umbo lina uzito gani. Petroli ya chupa unayonunua kwa Kadafi, yule muuza petroli wa kando ya barabara, ni ya ukoo huo huo, isikaribie. Wapo wanaotetea lutuku, pombe kali ya kienyeji, na kwa polistirini pombe kweli haina ukali wa asetoni. Lakini dadu zinazopitisha mwanga mara nyingine ni za akriliki, na akriliki ikiguswa na pombe kali inaweza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Lutuku ina wanywaji wa kutosha, iachwe iwafikie.

Iliyo salama ni rangi ya maji ya akriliki, ile ya wachoraji. Ikikosea njia, kitambaa chenye maji kinatosha kabla haijakauka.

"Kalamu ya nta ni kazi ya watoto."

Uongo, na watengenezaji wa michezo wenyewe ndio mashahidi. Kampuni ya Marekani ya TSR ilipotoa sanduku jipya la mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1981, ndani mliwekwa dadu zenye namba zilizochongwa bila rangi, pamoja na kalamu ya nta ya kuzijazia. Mnunuzi alimaliza kazi ya kiwanda mezani kwake. Unasugua nta juu ya namba mpaka ijae, kisha unafuta uso kwa kitambaa kikavu. Udhaifu wake ni viganja vya moto na jasho, na Kindu, chini ya nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, havikosi. Nta itatoka. Lakini kuirudishia ni kazi fupi, na haidhuru plastiki ya aina yoyote. Mimi ningeanza nayo.

"Lazima uwe na mkono usiotetemeka."

Uongo ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu umewazuia wengi kujaribu. Hata kiwandani, dadu za kawaida aghalabu hazijazwi kitone kimoja kimoja. Hupakwa rangi mwili mzima, kisha huzungushwa ndani ya pipa pamoja na vitu vya kukwaruza mpaka rangi ya juu iishe na ile ya vishimoni ibaki. Lou Zocchi, Mmarekani wa kampuni ya GameScience, aliukataa utaratibu huo kwa hoja kwamba pipa linazila kingo na kuziharibu dadu. Ndiyo maana aliuza dadu zenye kingo kali, nyingi zikiwa hazina rangi, mteja ajipakie.

Maniema, mkoa wa Kindu, haihitaji kufundishwa jambo hili na kiwanda. Walega wa Pangi, katika sanaa ya chama cha Bwami ambayo Daniel Biebuyck aliieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1973, walichonga sanamu za pembe za ndovu zenye viduara na nukta mwilini, wakazisugua kwa majani yenye makwaruzo na kuzipaka mafuta. Uso unaoguswa hulainika, kilichochimbwa hubaki kikisomeka.

Kwa hiyo osha dadu kwa sabuni kwanza. Vidole vilivyotoka kwenye mawese vinaacha mafuta yasiyokubali rangi. Dondosha rangi kishimoni kwa ncha ya kijiti cha fagio, bila kujali ikifurika. Subiri ianze kushika, kisha pitisha usoni kitambaa kilichovutwa kikakaza kidoleni. Kitambaa kilicholegea kinaingia kishimoni na kuitoa rangi yote, na hilo ndilo kosa la wengi. Mkono unaotetemeka hauna hatia.

"Nyuso zinazokabiliana hujumlisha saba, kwa hiyo naweza kupaka kwa kukumbuka."

Saba ni kweli: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kupaka kwa kukumbuka, usithubutu. Dadu iliyochakaa ina mikwaruzo inayofanana na vishimo, na mara moja moja unakuta ya bei poa iliyopangwa vibaya tangu mwanzo. Hesabu vishimo kwa ukucha, uso kwa uso. Ukikuta jumla ya nane, nunua nyingine.

"Moja nyekundu ni alama ya walaghai."

Uongo mtupu. Katika dadu za Kichina moja na nne kwa desturi hupakwa nyekundu, na kitone cha moja mara nyingi ni kikubwa na kirefu kwenda ndani kuliko vingine. Kwa anayejaza upya, kitone hicho kina usumbufu wake: kinahitaji rangi mara mbili, kwa sababu akriliki hupungua maji yanapotoka, na katikati panabaki pamedidimia. Jaza, acha ikauke, jaza tena. Wakati wa mvua, hewa ikiwa imelowa, kazi ya saa moja inaweza kutaka usiku mzima, na anayeiwahi dadu kabla ya hapo atainuka na kidole chekundu.