Kambi Moto: Ujenzi Mpya Mikononi mwa Wakazi

Mitaa mingi ya mabanda jijini Nairobi imebomolewa kwa jina la maendeleo. Kambi Moto, kijiji kimojawapo cha Huruma, kilifuata njia nyingine. Wakazi walijihesabu wenyewe, wakaweka akiba kidogokidogo chini ya Muungano wa Wanavijiji, wakapatana na Baraza la Jiji kuhusu ardhi, kisha mwaka wa 2003 wakaanza kujenga nyumba za mawe. Kwa kuwa viwanja vilikuwa finyu mno, nyumba zilipanda ghorofa. Hata hivyo, ugumu mkubwa haukuwa saruji wala kokoto, bali swali la haki: kiwanja ni cha mwenye banda au cha mpangaji? Waliomiliki mabanda kadhaa walikubali, tena si kwa wepesi, kupata nyumba moja tu sawa na wapangaji wao. Pasipo mapatano hayo, nyumba mpya zingalipangishwa kwa kodi ambayo mpangaji wa awali asingaliimudu, naye angalihamia mabanda ya kwingine.