Heshima Isigeuzwe Kufuli ya Kinywa

Mapema mwaka wa 2018, taifa letu lilishtushwa na habari kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Mgonjwa aliyekuwa na uvimbe tu kichwani alipelekwa katika chumba cha upasuaji badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni. Madaktari wakafungua fuvu, wakaitafuta damu hiyo, wasiione. Afisa mkuu wa hospitali alipelekwa likizo ya lazima, wahudumu kadhaa wakasimamishwa kazi, na wananchi wakabaki kuulizana ni nani aliyekosea.

Swali hilo lilikuwa na haki yake, lakini mimi nilitamani tuulize na jingine. Kabla ya kufikiwa na kisu, mgonjwa hupitia mikononi mwa watu wengi: muuguzi wa wodi, msukuma kitanda, mtaalamu wa nusukaputi, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ni nani kati ya hao anayejiona ana ruhusa ya kusema, "Ngojeni kwanza"?

Aghalabu tunapowaza matibabu humwaza daktari mmoja mwenye hekima, na wengine wote tukawafanya vivuli vyake. Hali halisi sivyo ilivyo. Mpasuaji anaona jeraha lililo mbele yake. Mtaalamu wa nusukaputi anaona pumzi na mapigo ya moyo. Muuguzi ndiye ajuaye ni vitambaa vingapi vilivyoingia tumboni na vingapi vilivyotoka. Hakuna hata mmoja mwenye habari zote, na asiposema alichokiona, uamuzi utafanywa bila habari hiyo.

Mwaka wa 2008, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti: kabla ya mgonjwa kulazwa kwa nusukaputi, kabla ya ngozi kupasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, miongoni mwake London, Manila, na Ifakara iliyo katika bonde la Kilombero, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hapakununuliwa mtambo wowote wa ajabu. Watu walisimama kidogo wakasemezana.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kipengele kilichonivutia zaidi ni kile kinachomtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Huenda msomaji akaona huo ni upuuzi; watu wazima wajitambulishe kama watoto wa darasa la kwanza? Lakini mtu aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusema mara ya pili. Kinywa chake kimefunguliwa mapema, kabla ya hatari kuja.

Hata hivyo, karatasi peke yake haiponyi. Mwaka wa 2014 kulichapishwa utafiti kuhusu hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizokuwa zimeagizwa kutumia orodha hizo. Hospitali ziliripoti kwamba agizo linatimizwa karibu kila mara, lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Kwa rai yangu, kutia alama kwenye kijisanduku ni kazi ya kalamu, na orodha hii ilikusudiwa kuwa kazi ya ulimi na sikio.

Najua nitajibiwa kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, na wala sipendekezi upasuaji uamuliwe kwa kura. Nahodha abaki mmoja. Lakini jahazi linapokaribia mwamba, baharia atupaye bildi kupima kina cha maji hangoji kuulizwa. Hupaza sauti, na nahodha mwenye akili hageuki kumwuliza yeye ni nani.

Kikwazo kikubwa kwetu ni jinsi tunavyoielewa heshima. Muuguzi kijana akiona hatari, huanza: "Samahani daktari, sijui kama nimeona vizuri, labda..." Onyo limekwisha kufunikwa na adabu hata halisikiki. Huko Marekani, wahudumu wa afya hufunzwa kupanda ngazi tatu za maneno, nazo zinasemeka vyema kwa Kiswahili: "Daktari, nina wasiwasi. Sijaridhika na hali hii. Hili ni hatari kwa mgonjwa, tafadhali tusimame." Sioni tusi hapo. Cheo kimetajwa na neno tafadhali limo. Heshima si utumwa.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mwanafunzi aonaye kosa ubaoni akanyamaza kwa kuogopa kukemewa, ndiye atakayevaa sare nyeupe baada ya miaka michache. Tabia hiyo haivuliwi mlangoni mwa hospitali. Isitoshe, wauguzi na matabibu wengi hufunzwa katika vyuo vya mafunzo ya utabibu, huku madaktari wakifunzwa vyuo vikuu. Aghalabu hukutana kwa mara ya kwanza kando ya kitanda cha mgonjwa, tayari mmoja ameshazoea kuamuru na mwingine kuitikia. Ningependa kuona wanafunzi hao wakiketi pamoja angalau siku moja kila muhula, wapewe kisa cha mgonjwa wa kuigizwa, na mhadhiri amwagize anayecheza daktari akosee kwa makusudi. Kisha tutazame ni dakika ngapi zitapita kabla ya mtu kusema.