Redio Iliyofichwa Ndani ya Motokaa

Leo tuzungumze habari za wevi wa motokaa.

Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1986 kilianza kutumika chombo kiitwacho LoJack. Kilikuwa redio ndogo iliyofichwa ndani ya motokaa. Hata mwenye motokaa hakuambiwa imewekwa wapi. Siku zote ilikaa kimya. Motokaa ikiibwa, mwenyewe alitoa habari polisi, nao wakaiamsha ile redio kwa mawimbi. Ikaanza kuita. Ndani ya motokaa za polisi mlikuwa na chombo cha kupokea, kilichowaonyesha upande ambako mwito ulitoka, wakaufuata mpaka wakaifikia.

Huenda mtu akauliza: Mbona hawakubandika tangazo kiooni, mwivi aogope? Swali jema. Tangazo lingemwambia mwivi aiache hii, akaibe ya jirani! Pasipo tangazo, mwivi hajui ipi ina redio na ipi haina, basi zote humtia shaka.

Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt, walieleza kuwa redio hizi zilipoenea mjini, wizi wa motokaa ulipungua kwa watu wote. Walikadiria kwamba aliyenunua redio hakupata hata sehemu moja katika kumi ya faida yake. Iliyobaki ilikwenda kwa majirani wasiotoa hata senti. Ndiyo sababu wanunuzi walikuwa wachache kuliko ilivyofaa.

Kabla ya somo lijalo, jadilianeni darasani: redio hizo zingelipiwa na nani?